Wenye maduka Mkunazini tunataka kuchangishana kwa sheria: Baraza la Manispaa tuliombe nini hasa?

MuuzaUdi | Jumatatu, saa 4:10 usiku

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la udi, mafuta ya asumini na viungo kwenye njia inayotoka Darajani kuingia Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Unguja. Alilianza marehemu baba, na mimi niko nalo mwaka wa kumi na tisa sasa. Nawaomba mnisome mpaka mwisho. Sikuja kulalamika, nataka ushauri wa jambo tunalotaka kulifanya.

Mwaka juzi tulikaa wenye maduka ishirini na tatu tukakubaliana kuchanga shilingi elfu kumi na tano kila mwezi. Kwanza tulitaka taa, kwa sababu baada ya Magharibi njia yetu inakuwa kiza na wageni wakifika mdomoni mwa kichochoro wanachungulia, wanageuka. Tulitaka pia mlinzi wa usiku, na kijana wa kuzoa taka za jioni. Wafagiaji wa Baraza la Manispaa hupita alfajiri na kazi yao wanaifanya, lakini taka za mchana, maboksi na makumbi ya madafu, zinalala pale pale mpaka kesho yake. Mvua ikinyesha usiku zinakokotwa na maji mpaka kwenye mtaro, mtaro unaziba, na maji yanaingia madukani. Udi ukishaingia unyevu ndugu zangu hauuziki tena.

Miezi miwili ya mwanzo wallahi nilifurahi. Tulifunga taa kumi na moja. Tulimpata mlinzi mtu mzima, wa kuaminika, akiweka mkeka wake na birika la kahawa kwenye baraza ya nyumba ya kona na kutuaga mmoja mmoja tunapofunga. Mimi nilikuwa nafunga saa kumi na mbili jioni, nikaanza kufunga saa tatu usiku. Mauzo ya yale masaa matatu peke yake, kwa siku mbili tu, yalikuwa yanatosha mchango wangu wa mwezi mzima.

Kisha ikaingia masika. Daftari la michango lilikuwa kwangu na hivi ninavyoandika liko mbele yangu. Mwezi wa kwanza majina ishirini na tatu, waliolipa ishirini na mmoja. Mwezi wa pili kumi na tisa. Mwezi wa nne waliolipa ni tisa, na mbele ya majina yaliyobaki nimeandika kwa mkono wangu: "kesho", "baada ya Sikukuu", "mwenye duka kasafiri", "kesho" tena. Hakuna aliyekataa kwa ubaya. Jirani yangu mmoja, mtu mwema tu, aliniambia: "Dada, taa iliyo mlangoni kwako inamulika na kwangu. Nilipe nisilipe, mwanga ni uleule." Sikuwa na jawabu. Siwezi kumkatia mtu mwanga. Mwezi wa tano tulimlipa mlinzi watu watano kutoka mifukoni mwetu, na wa sita tukamuaga. Alikunja mkeka wake taratibu, akasema "hapana neno wanangu", akashika njia ya Darajani. Mpaka leo nikipita kwenye ile baraza ya kona moyo unanisuta.

Sasa mwanangu kaniambia kwamba nchi za wenzetu wana utaratibu: wenye biashara wa eneo moja la katikati ya mji wanapiga kura, wakikubali wengi basi wanalipa wote kwa nguvu ya sheria, na baraza la mji ndilo linalokusanya, kisha fedha zinarudi pale pale mtaani zikafanye kazi waliyoipanga wenyewe. Kama ni kweli, naomba mwenye kujua anieleze baraza linafanya nini na sisi tunafanya nini, maana nisije nikaingia kwenye ofisi ya watu sijui ninachokiomba.

Nina khofu moja pia. Tukianza kujilipia, isije ikaonekana "hawa wanajiweza", wale wafagiaji wa alfajiri wakapelekwa mtaa mwengine. Na sijui nani wa kulipa. Nyumba niliyomo ni ya wakfu. Ya jirani ni ya Serikali. Ile inayofuata ina warithi kumi na mmoja, watatu kati yao wako Maskati na hawasemezani. Mchango wa nyumba kama ile unamdai nani?

KinyoziWaBaridi | Jumatatu, saa 5:47 usiku

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi mzaliwa wa Kiponda, nipo Uingereza mwaka wa ishirini na mbili. Nina duka la kinyozi katikati ya mji na huo mchango ninaulipa, kwa hiyo nakueleza ninachokiishi.

Wao wanaliita eneo la namna hiyo BID, kifupi cha Business Improvement District, yaani eneo la kuboresha biashara. Asili yake ni Canada. Mtaa wa Bloor West Village mjini Toronto ulianzisha la kwanza mwaka 1970, baada ya treni ya chini ya ardhi kupita chini yao na maduka makubwa ya nje ya mji kuwavutia wateja. Nao walianza kwa kuchangishana kwa hiari kama nyinyi, na likawashinda jambo lile lile alilokwambia jirani yako. Wakaenda kuomba sheria, kwamba wakikubali wengi, basi kila mwenye biashara katika mpaka ule alipe. Huku England sheria ilipita mwaka 2003, na mji wa kwanza kuanza ulikuwa Kingston, pembeni ya London, mwaka 2005. Sasa yako mamia nchi nzima.

Kura yenyewe ina mizani mbili, na hapa naomba usome pole pole. Wanahesabu vichwa, yaani wengi wa waliopiga kura wawe wamekubali. Halafu wanahesabu uzito: kila jengo la biashara lina thamani iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi, na thamani za waliosema ndiyo zikijumlishwa lazima zizidi za waliosema hapana. Ukishinda mzani mmoja ukashindwa wa pili, hakuna kitu. Hivyo duka kubwa moja haliwezi kuwalazimisha wadogo mia, na wadogo mia hawawezi kumtwisha mkubwa mzigo wasioubeba wao. Kiwango aghlabu ni asilimia moja mpaka mbili ya hiyo thamani kwa mwaka, na wadogo kabisa mara nyingi husamehewa. Mwisho wake ni miaka mitano. Ikifika, wanarudi kwenye kura, na wakikataliwa panafungwa.

Baraza la mji ndilo linalosimamia kura. Ndilo linalotoa bili na kukusanya, na asiyelipa linampeleka mahakamani kama anavyopelekwa asiyelipa kodi. Fedha zinaingia kwenye akaunti yake peke yake, haziruhusiwi kuchanganywa na za baraza, kisha zinapelekwa kwa kampuni isiyotafuta faida inayoendeshwa na wenye biashara wenyewe. Baraza lina haki ya kuzuia mpango ukigongana vibaya na sera zake, au kama mpaka umechorwa kwa hila ili kumbebesha mtu. Na kama baraza lina majengo ndani ya mpaka ule, nalo linapiga kura na linalipa kama mimi.

Sasa ile khofu yako ya wafagiaji. Wenyewe waliiona mapema wakaitia ndani ya kanuni. Kabla ya kura, mpango lazima useme kwa maandishi huduma ambazo baraza linazitoa hivi sasa ndani ya eneo lile: wanafagia mara ngapi kwa wiki, mapipa mangapi, taa ngapi, gari la taka saa ngapi. Mchango wa wenye maduka ni nyongeza juu ya karatasi ile. Mimi mara ya kwanza nilipiga kura ya hapana kwa sababu ya khofu kama yako. Nikashindwa, nikalipa. Mwaka wa pili baraza lilipunguza kuosha njia mbele ya duka langu, na ile karatasi ndiyo iliyotolewa mezani, ikarudishwa. Kura iliyofuata nilisema ndiyo.

Kwa hiyo dada, kabla hujaomba chochote, omba hiyo karatasi.

BahariaWaMalindi | Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimekaa Cape Town miaka sita. Pale katikati ya mji eneo kama hilo lilianza mwaka 2000, na tofauti yake na ya kaka wa Uingereza ni kwamba kule anayelipa ni mwenye jengo, si mpangaji. Anaongezewa kwenye bili yake ya kodi ya jengo, jiji linakusanya, linakabidhi. Wana walinzi wa barabarani, wafagiaji wa ziada, na hata watu wa ustawi wa jamii wa kukaa na wanaolala nje.

Pale mjini ni pasafi na usiku unatembea. Lakini wapo wanaolalamika kwamba masikini wanasukumwa, wakitoka mtaa huu wanaibukia mtaa wa pili. Liangalieni hilo mapema.

Na kwa Mji Mkongwe sioni mchango wa mwenye jengo ukifanya kazi. Yule wa warithi kumi na mmoja utamtafuta mpaka lini?

MezaYaMitandio | Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Mimi nauza mitandio na soksi kwa meza ya kukunja, hapo hapo njiani unapopasema. Dada nakujua kwa sura na unanijua. Nimesoma yote na moyo umenienda mbio, kwa sababu kila nikisikia "tuusafishe mtaa" najiuliza kama na mimi nimo kwenye vinavyosafishwa.

Mimi nafika saa kumi na mbili na nusu za asubuhi kabla duka hata moja halijafunguliwa. Maboksi yaliyolala usiku nayasogeza mimi ili nipate pa kuweka meza. Mwaka jana alipopokonywa simu yule mgeni wa kike, waliomkamata mwizi ni sisi wa meza, maduka yalikuwa yamefungwa kwa Ijumaa. Ulinzi wa mchana wa njia ile nani anaufanya?

Niko tayari kulipa. Elfu kumi na tano siiwezi, elfu tatu naiweza, na nitailipa kila mwezi. Lakini nikilipa nataka jina langu liwemo kwenye orodha na kura yangu ihesabiwe. Kama ni kura ya wenye milango tu, basi hiyo kura mtaipiga juu ya kichwa changu.

MuuzaUdi | Jumanne, saa 4:30 asubuhi

Mdogo wangu wa mitandio, umenigusa na nakiri mbele ya watu. Tulipokaa mwaka juzi watu ishirini na tatu, hakuna hata mmoja aliyesema tuwaite wenye meza, na mimi nilikuwa mmoja wa wasiosema. Lilikuwa kosa. Ile siku ya mwizi naikumbuka, nilifika baadae nikakukuta umemkalisha yule mgeni kwenye kigoda chako unampa maji.

Jina lako litaandikwa. Ukurasa wa kwanza.

Kaka wa Kiponda, Mungu akulipe. Ile karatasi ya huduma nimeiandika kwa wino mwekundu. Niulize kitu: huko kwenu mnalipa kwa mwaka mzima sawasawa? Sisi huku duka la Januari na duka la Aprili si duka moja. Kaskazi hoteli zimejaa, Julai na Agosti zimejaa, lakini masika zipo zinazofunga kabisa na njia yetu unapita ukasikia nyayo zako mwenyewe. Sisi wa viungo tunaishi kwa wageni. Jirani zangu wa kanga na nguo za watoto wao mavuno yao ni kumi la mwisho la Ramadhani, Darajani watu hawalali.

KinyoziWaBaridi | Jumanne, saa 6:15 mchana

Huku bili ni ya mwaka. Lakini hakuna kinachowazuia nyinyi kupanga yenu. Kama mwezi wa nne ndio uliowaua, usidai kitu mwezi wa nne. Kusanya ya mwaka mzima wakati wa kiangazi, weka akiba ya mlinzi ya miezi mitatu ya mvua. Hata kwenye daftari lako ulilolieleza, watu hawakukimbia mwanzo, walikimbia mvua ilipoanza.

KaraniMstaafu | Jumanne, saa 2:40 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo nawasalimu. Nimefanya kazi ya ukarani katika serikali za mitaa kwa muda mrefu, zaidi nilikuwa Pemba. Nimestaafu. Nasema ninayoyajua kwa upande wetu, maana ya Uingereza yamesemwa vizuri.

Mwanangu wa udi, huna haja ya kungoja sheria mpya itungwe ndipo uanze, lakini uelewe unaposimama. Kwetu serikali za mitaa zinafanya kazi chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2014, na mabaraza yana uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mchango wa lazima mtaani utahitaji sheria ndogo. Hauwezi kusimama juu ya kikundi cha simu, wala juu ya barua ya sheha wa mtaa. Sheria ndogo ina safari yake: kamati, kikao cha madiwani, wanasheria, kisha juu Serikalini. Ni ya miezi, pengine zaidi. Ukimwendea diwani wako mikono mitupu atakusikiliza, atakuitikia, na jambo litaishia kwenye kikombe cha chai. Ukimwendea na orodha kamili ya mtaa, yenye sahihi, na ramani ya mpaka wake, umempa kitu cha kubeba kuingia nacho kikaoni.

Mpaka uwe mfupi. Nimeona mipango mingi mizuri ikifa kwa tamaa ya ukubwa. Usiseme Mji Mkongwe, wala usiseme Darajani nzima. Sema kutoka kona fulani mpaka kona fulani, mahala ambapo mwenye duka wa mwanzo anaweza kutembea akafika duka la mwisho kabla kahawa yake haijapoa. Watu wanalipia wanachokiona kwa macho yao.

Kuhusu anayelipa, baharia kasema kweli. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe ukimfuata mwenye jengo utazama. Mali ya wakfu ina masharti ya aliyeiweka, pato lake limeshapangiwa pa kwenda, iwe msikiti, iwe mayatima au kizazi chake, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana haiwezi kulichota kwa ajili ya taa za mtaa kwa sababu nyinyi mmependa. Nyumba ya Serikali ina ofisi yake, na ya warithi ina kesi zake. Mfuate anayefanya biashara mle ndani, yule mwenye jina kwenye leseni. Leseni inahuishwa kila mwaka, na hapo ndipo mchango unapoweza kushikana nayo bila kuajiri mtu wa kupita akidai mlango kwa mlango. Kiwango msikipange sawa kwa wote. Hoteli yenye vyumba ishirini na duka la kofia haviwezi kulipa sawa. Hatuna makadirio ya majengo kama ya huko kwa kaka, basi tumieni kitu ambacho kila mtu anakiona: upana wa mbele ya duka kwa mita, na idadi ya vyumba kwa hoteli. Mtu hawezi kubishana na tepu ya fundi.

Yule kijana wa mitandio apewe nafasi yake, na si kwa huruma. Fungu la wenye meza liwe na kiwango chake kidogo, kura yake moja, na pahala pake palipochorwa ardhini. Akiwa na pahala panapojulikana, atapatunza. Na nyinyi wenye maduka mtajua meza ni ngapi, isije leo tisa mwezi ujao arubaini.

Jambo ambalo watu hulisahau: mko ndani ya eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Taa, waya, turubai, kibao cha jina, vyote Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ina neno lake. Mamlaka ile ipo tangu 1985, na kuta za chokaa na mawe ya matumbawe si za kutobolewa ovyo na kutiwa misumari ya chuma ikaota kutu ndani. Zile taa kumi na moja mlizifunga kwa idhini? Kama hapana, zimalizeni hizo kwanza. Mtu anayekwenda kuomba sheria asiwe na dosari mlangoni kwake.

Fedha zikae kwenye akaunti ya benki yenye saini tatu, mmoja wao awe mwenye meza. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi kwa Kiswahili, kwa hati kubwa. Daftari kukaa nyumbani kwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu kama wewe, kunamchosha yeye na kunawatia wengine shaka.

MezaYaMitandio | Jumanne, saa 3:02 usiku

Mzee wangu karani, shikamoo. Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Pahala palipochorwa. Miaka minane natandika meza kila asubuhi sijui kama jioni nitakuwa bado nipo. Kwa hilo, hata elfu tano nitaitafuta.

BahariaWaMalindi | Jumanne, saa 3:30 usiku

Kuna watu watasema haya ni kodi juu ya kodi. Msiwakwepe, na msianze kwao kwa hotuba. Waonesheni ule mwezi wa pili, taa zinawaka, mmefunga saa tatu. Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa tena baada ya matengenezo mwaka 2009 hakuna aliyehitaji kuelezwa faida ya taa na usafi, watu walikwenda na watoto wao wakakaa mpaka usiku.

MuuzaUdi | Alkhamisi, saa 5:15 usiku

Nimerudi. Jana na leo baada ya Alasiri nilimwachia binti yangu duka, nikachukua daftari jipya (lile la zamani nimelifunga kwa uzi nikaliweka kabatini), tukatembea mimi na mdogo wangu wa mitandio kutoka kona ya Darajani mpaka pale njia inapokunja. Yeye alishika tepu upande mmoja, mimi wa pili. Watu walidhani tunapimia mazulia.

Tumehesabu milango sitini na moja. Milango kumi na minne imefungwa, na katika hiyo saba hata majirani hawajui funguo anazo nani. Nyumba za kulala wageni tatu. Meza tisa, na wenye meza wote tisa wameandika majina kwa mikono yao. Duka jembamba kuliko yote lina mita moja na robo, la fundi saa, mzee ambaye nilikuwa nampita kila siku sijawahi kujua kwamba jioni haoni kufanya kazi kwa sababu ya kiza na kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia taa zilipozimwa. Mwaka juzi hatukumwita. Duka lake tulilihesabu kuwa ghala.

Yule jirani wa "mwanga ni uleule" nilimwendea pia. Nilikwenda na wasiwasi. Nikamwambia: safari hii sikuombi uchange, nakuomba upige kura, ukisema hapana nitaandika hapana, lakini wakishinda wengi utalipa na mimi nikishindwa nitanyamaza. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Na wote watalipa? Na yule wa kona?" Nikamwambia wote, kwa leseni. Akasema, "Basi niandike." Kumbe miaka yote miwili kilichokuwa kikimuuma ni kuwa yeye alipe halafu wa kona asilipe. Mie nilimdhania bakhili, na Mungu anisamehe.

Mzee karani, umeuliza idhini ya taa. Hatukuwa nayo. Nimeshaandika barua ya kuomba tuoneshwe namna ya kuzifunga, na nne zilizotobolewa ukutani tutazitoa kabla hatujaipeleka.

Ya baraza nimeyaandika kwenye ukurasa mmoja, na nayaweka hapa mnirekebishe. Tunaomba watupe kwa maandishi huduma wanazotoa leo katika njia ile, siku za kufagia, saa ya gari la taka, mitaro inazibuliwa lini. Tunaomba wasimamie kura wao, siyo sisi, ili asiwepo wa kusema tumehesabu wenyewe. Wakikubaliana na matokeo, waanze safari ya sheria ndogo, mchango ushikane na leseni, uingie akaunti yake peke yake, na usidaiwe miezi ya masika. Tunaomba pahala pa meza tisa pachorwe. Na iwe kwa miaka mitatu tu, kisha tupige kura upya. Kaka wa Kiponda kasema mitano, lakini kwa watu walioumia mara moja mitatu inatosha kujaribu.

Diwani nimempigia, kasema atakuja. Tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri kwenye ile baraza ya nyumba ya kona. Ye yote mwenye duka, meza au nyumba ya wageni kwenye njia ile na hatukumkuta, aje na leseni yake. Nimemtuma kijana Jang'ombe kwa yule mzee mlinzi, kumuuliza kama bado yuko tayari kwa kazi mambo yakikaa sawa. Kajibu kwamba yupo, na mkeka anao.